Namna ya Kwenda Upareni Ghafla na Peke Yako

Mwongozo huu ni wa mtu mzima mwenye leseni, mwenye gari lililolipiwa bima, na mwenye wazo lililomjia Alhamisi usiku akiwa Kimara au Tabata: kwamba kesho alfajiri atawasha gari bila kumwambia mtu, atapita Same na Mwanga kuwasalimu ndugu, na Jumamosi jioni atakuwa Moshi pembeni ya uwanja, akimtazama mtoto wa dada yake akicheza mpira wa kikapu wa vyuo. Peke yake. Kioo kimeshushwa, redio anaichagua mwenyewe, anasimama anapotaka na haulizwi. Ni wazo zuri, na hakuna sheria ya Jamhuri ya Muungano inayolikataza. Kinacholikataza ni ukoo, na ukoo hauna gazeti la serikali la kutangazia sheria zake.

Kuchagua wakati

Usichague Desemba. Desemba Wachaga na Wapare wa Dar es Salaam wanapanda kaskazini kwa mkupuo, nauli zinapanda pamoja nao, na ghafla yako itakutana barabarani na watu walioipanga safari hiyo tangu Februari. Aprili nayo masika yako mlimani, na kule juu lami inapokwisha gari linaanza kwenda linakotaka lenyewe. Juni inafaa. Mvua imepungua, baridi ya milimani kwa bibi, Usangi, imeanza, na vyuoni wanafunzi wanasogelea mitihani, kwa hiyo wanatafuta kila sababu ya kutofungua daftari. Bonanza la michezo ni sababu yenye heshima kuliko nyingi.

Kuhusu gari, nenda na IST. Noah ni gari la familia hata likiwa na mtu mmoja ndani, na kiti kitupu Upareni hakikai kitupu. IST ina viti vitano, kimoja ni chako, na vinne unaweza kuvijaza mapema kwa mabegi ya uongo. Utaona baadaye kwamba mabegi hayasaidii, lakini yanakupa muda.

Usimwambie mtu

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Usimwambie dada yako, kwa sababu atamwambia mama. Usimwambie mpwa wako anayecheza, kwa sababu ataomba hela ya viatu, na hela ya viatu ina risiti inayofika kwa dada yako. Usiweke picha ya usukani kwenye simu. Nunua mafuta usiku, kwenye kituo cha mbali na nyumbani.

Halafu mpelekee fundi gari akukagulie breki, maana breki ni lazima. Fundi ni mtu wa Kisangara. Hukulijua hilo kwa miaka yote uliyomlipa. Utalijua utakapomwambia kwamba breki ni za mlimani na yeye akauliza, mlima upi. Kufikia saa nne usiku kundi la familia litakuwa na ujumbe wa sauti wa dakika tatu kutoka kwa mama mkubwa, na saa kumi na moja alfajiri mtu usiyemfahamu atakuwa amesimama getini na kilo tano za sukari, dawa za presha za mtu wa Lembeni, na simu iliyotengenezwa ambayo chaja yake itafuata.

Uelewe kwa nini jambo hili linawashughulisha. Mtu akifika nyumbani ghafla na peke yake, maelezo ni matatu tu: kuna msiba ambao haujatangazwa, ndoa imeyumba, au amekuja kuangalia mpaka wa shamba. "Nimekuja kutazama kikapu" si la nne. Ukilitamka, litahesabiwa chini ya la pili, na utapewa ushauri wa ndoa kuanzia Same hadi Kikweni.

Barabarani

Una njia mbili za kutokea Dar es Salaam. Ya kwanza ni ya Kibaha na Chalinze, ambayo inakufundisha subira kabla jua halijachomoza. Ya pili ni ya Bagamoyo hadi Msata, kilomita 64 za lami zinazokupitisha Kiwangwa, ambako mananasi yamepangwa kando ya barabara kwa namna inayomfanya mtu mwenye haraka ajione mjinga. Zote zinakutana kabla ya Wami. Pale kuna daraja jipya lenye zaidi ya mita 500, lililoanza kutumika 2022. Daraja la zamani, lile jembamba ambalo abiria wa basi walikuwa wakifumba macho, umeliacha pembeni. Wazee wanasema safari imepoteza ladha. Wazee hawakuwa wanaendesha.

Vibao vya 50 viheshimu vyote. Askari mwenye tochi hasimami kwenye kibao. Anasimama mahali ambapo kibao umeshakisahau, chini ya mti wenye kivuli kizuri. Madereva wanaotoka mbele wakikuwashia taa mchana kweupe hawakusalimii. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa, na hakuna hata jambo moja kuhusu ndoa yako au mpwa wako ambalo litampunguzia askari huyo hamu ya kuandika.

Segera, ukikata kulia utafika Tanga, na kama kweli safari yako haina ratiba unaweza kufanya hivyo, ule samaki, ulale. Hutafanya hivyo. Utanyoosha Korogwe, utasimama Mombo, na pale chini ya barabara inayopanda Lushoto utanunua mapeasi na karoti. Muuzaji akikuuliza, "Na watoto je?", usijieleze. Nunua fungu la pili.

Kutoka Mombo hadi Hedaru ndicho kipande cha pekee ambacho utakuwa peke yako kweli, na nakushauri ukifurahie. Milima iko kulia kwako muda wote, kwanza Usambara, kisha Upare. Kushoto ni nyika: mikonge, mibuyu, vumbi, reli ya Tanga iliyofika Moshi tangu enzi za Wajerumani, na mbuzi ambao hawajawahi kusikia honi. Mgeni huona ukame huu akadhani nchi yote ni hivyo. Lakini mvua ya Bahari ya Hindi inafika. Inaishia juu, upande wa pili wa milima na vileleni, na huku chini inabaki habari yake tu. Kilele cha Shengena, mita 2,462, kimevaa msitu na ukungu, wakati wewe chini yake unatafuta kivuli cha kuegesha. Ndiyo maana wenyeji wa milimani tangu zamani walichimba ndiva, mabwawa madogo ya kukusanya maji ya kijito usiku ili yafunguliwe asubuhi kwa zamu kwenye mifereji. Zamu ya maji ndiyo iliyowafundisha Wapare kuhesabu saa, majirani, na makosa ya majirani. Hilo la mwisho utahitaji kulielewa ukifika uwanjani.

Ramani ya simu itasema Dar es Salaam hadi Moshi, kilomita 550 hivi, ni saa nane au tisa. Ramani ya simu haina shangazi.

Same, ambako hukukusudia kusimama

Shangazi atapiga simu ukiwa Makanya. Hatakuuliza uko wapi, atakuambia. Kuna mtu amekuona Hedaru.

Kama ni Ijumaa alasiri, utamkuta shangazi anapika kwa kasi, kwa sababu aliolewa Suji, akabatizwa, na jua likizama Sabato imeingia. Usilichukulie jambo hili kwa wepesi. Wasabato walifungua kituo chao cha kwanza katika nchi hii hukohuko Upare ya kusini, Giti, mwaka 1903, kwa hiyo shangazi ana zaidi ya karne ya hoja nyuma yake. Atakuuliza mechi ni lini. Jibu, "Jioni." Atauliza ni jioni ya Jumamosi kabla ya jua kuzama au baada. Viwanja vingi vya kikapu vya mikoani havina taa, na shangazi hilo analijua vizuri kuliko chama cha kikapu.

Kula makande. Usiseme umeshiba kwa mapeasi ya Mombo. Mahindi na maharage yaliyochemka tangu asubuhi hayasubiri mtu aliyeshiba, na anayekataa sahani ya kwanza hupewa ya pili kama adhabu. Ukimaliza, utafungashiwa tangawizi ya Mamba Miamba ya kupeleka kwa bibi, na utakabidhiwa abiria wako wa kwanza: kijana wa kidato cha tatu, mwenye msimamo ambao bado haujatulia kuhusu Sabato. Rasmi anakwenda Usangi kumsalimu bibi. Ana jezi ya kikapu chini ya sweta.

Hapa niweke onyo lisilo na kejeli. Mtu yeyote mjini Same akikuletea mfuko wa majani laini uliofungwa kwa majani ya mgomba na kukuomba umpelekee rafiki yake Moshi, kataa, hata akikutajia jina la babu yako. Mirungi inapandwa kwa siri katika baadhi ya vijiji vya milima hii, kikosi cha dawa za kulevya kinapanda mara kwa mara kuing'oa, na mbele ya sheria mwenye mzigo ni mwenye gari. Safari ya kutazama mpira haipaswi kuishia mahabusu, ingawa ingekuwa ndiyo namna ya uhakika ya kukaa mbali na ndugu.

Kabla ya kuondoka, pita katikati ya mji taratibu. Januari 1945 Wapare kwa maelfu walishuka milimani wakakusanyika hapa Same, wakakaa miezi, kuipinga kodi ya mbiru. Serikali ya kikoloni iliweka kodi ambayo kila mtu angekadiriwa kwa kadiri ya mali yake, na wao wakasema hawana ugomvi na kulipa; ugomvi ni nani anayekadiria na kwa kipimo gani. Hawakuchoma kitu. Walikaa, wakadai jibu, wakapeleka malalamiko ngazi hadi ngazi, na mwishowe kodi ile ikafutwa. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyetoka Upareni humuhumu, aliwaandikia kitabu kizima. Watani wao Wachaga husema Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Ni uongo mtupu. Ng'ombe haguswi, Mpare anakopa.

Mwanga, na kiti cha mbele

Mwanga ilikuwa sehemu moja na Same hadi 1979, ilipopewa wilaya yake. Kushoto kwako, chini kwenye tambarare, ni bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, lenye umeme kiasi na perege wengi. Maji yake sasa yanasukumwa hadi miji hii kwa mradi wa Same–Mwanga–Korogwe, uliozinduliwa Machi 2025 baada ya kusubiriwa hadi waliouahidi wakaanza kustaafu. Mjomba wako atakueleza habari za mradi huo bomba kwa bomba.

Mjomba ni karani mstaafu wa mahakama. Hatakuomba lifti, atakuwa amesimama barabarani na koti lake mkononi na kalamu mbili mfukoni, kwa kuwa amesikia kuna mashindano. Atakaa mbele. Hili halijadiliwi, na redio kuanzia hapo ni TBC Taifa kwa sauti ya kuamsha kijiji. Kijana wa kidato cha tatu atahamia nyuma pamoja na yale mabegi ya uongo, ambayo mjomba atayafungua, ataona ni magazeti na blanketi, na hatasema kitu. Kunyamaza kwake kutaingia kwenye kumbukumbu.

Barabara ya kupanda Usangi ina kona ambazo hazikuchorwa kwa ajili ya watu wenye haraka. Weka gia ya chini, piga honi kila kona, na ukikutana na Land Rover ya zamani iliyojaa ndizi, wewe ndiye unayerudi nyuma. Kila baada ya kona mjomba atakutajia nani alileta barabara hii, nani alileta umeme, nani alileta shule. Mara nyingi jibu litakuwa Cleopa Msuya, mzaliwa wa Usangi, waziri mkuu mara mbili, 1980 hadi 1983 na tena 1994 hadi 1995, aliyefariki Mei 2025. Yaliyo mabaya barabarani, kwa maelezo ya mjomba, yaliletwa na mvua.

Kumweleza bibi

Bibi atakupokea kwa furaha isiyo na maswali kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha maswali yataanza, na hapa ndipo ushauri wangu unafaa kuliko mahali pengine popote katika mwongozo huu: mweleze mchezo wenyewe, tangu mwanzo, polepole. Ukianza na ushindani wa vyuo utapotea.

Mwambie kwamba Desemba 1891, huko Springfield, Marekani, mwalimu mmoja Mkanada aitwaye James Naismith alitakiwa awape vijana mchezo wa ndani wakati wa baridi kali. Aliomba maboksi mawili, akaletewa vikapu viwili vya kuvunia mapichi, akavigongomea juu ukutani, akaandika kanuni 13. Bibi atauliza swali ambalo wanafunzi wengi wa vyuo hawajawahi kujiuliza: kikapu kile kilikuwa na kitako? Jibu ni ndiyo. Kila mpira ukiingia ulikaa humo, na mtu alipanda ngazi kuutoa. Mechi ya kwanza ilikwisha kwa bao moja bila.

"Moja?" bibi atauliza. "Na watu wangapi walikuwa wanarusha?"

Kumi na nane, tisa kila upande. Bibi atatikisa kichwa kwa niaba yao. Baadaye, mwambie, walikata vitako. Hapo atakasirika kidogo, maana kikapu kizuri cha ukindu kinachukua siku nyingi kukisuka, na hawezi kuelewa chuo kizima kinavyonunua kikapu kisicho na chini halafu kikashangilia vitu vinavyopita. Usibishane naye. Mimi naona ana hoja kuliko wachambuzi wengi wa redio.

Binamu ataingilia kati. Kila nyumba ya Usangi ina binamu mmoja anayejua habari za Hasheem Thabeet, na atazisimulia akisimama: mita 2.21, mzaliwa wa Dar es Salaam, alisoma Makongo, akaenda Chuo Kikuu cha Connecticut, akakifikisha chuo hicho nusu fainali ya taifa 2009, na mwaka huohuo akachaguliwa wa pili kati ya wachezaji wapya wote wa NBA, wakati Stephen Curry alikuwa wa saba. Mjomba atauliza kama, kwa kuwekwa wa pili, kijana huyo hakukata rufaa. Binamu ataendelea: Machi 2009, pale New York, Connecticut na Syracuse walitoka sare, wakaongezewa muda, wakatoka sare tena, hadi nyongeza sita, mechi ikaisha usiku wa manane ukiwa umepita, Syracuse 127, Connecticut 117. Mjomba atataka kujua umeme huo wote ulilipiwa na nani.

Kulala utalala vizuri, chini ya mablanketi matatu. Asubuhi bibi atatangaza kwamba mama jirani ana kliniki ya macho KCMC. Ni Jumatatu. Lakini gari linashuka leo, na si busara kulipa nauli Jumapili wakati gari linashuka leo. Binamu naye ameshakaa ndani. Hivyo ndivyo IST yako ya mtu mmoja inavyoanza kuteremka: mjomba mbele, watatu nyuma, magazeti na blanketi yamebaki kwa bibi, na buti limechukuliwa na gunia la maparachichi mabichi ambayo yataiva yote siku moja, Jumatano, ukiwa kazini. Teremka kwa gia ya chini. Breki ulizokaguliwa Kimara zilikuwa za mtu mmoja na mapeasi.

Uwanjani

Moshi ina vyuo kuliko watu wengi wanavyodhani. Chuo Kikuu cha Ushirika kilianza kama chuo cha ushirika 1963, kikapewa hadhi ya chuo kikuu 2014. Kuna Mwenge ya Wakatoliki, kuna madaktari wa KCMC, na juu mlimani kuna Mweka, ambako wanafundishwa kusimamia wanyamapori na ambao kwa sababu hiyo hawaogopi mtu yeyote kwenye ribaundi. Ukijiandaa kwa picha za Connecticut, ambako uwanja wa chuo una viti karibu 10,000, jirekebishe mapema. Hapa ni sakafu ya saruji, pete isiyo na wavu, mistari inayoonekana kwa mwenye imani, na mashabiki wamekaa kwenye ukingo wa mfereji wakila mahindi ya kuchoma. Utasikia kila neno la kocha. Wachezaji nao watasikia kila neno la mjomba.

Mechi ya saa kumi inaanza saa kumi na moja kasoro, baada ya kupatikana filimbi. Robo nne, dakika kumi kumi. Wamarekani wa vyuo vya wanaume wanacheza vipindi viwili vya dakika 20, lakini sisi tunafuata FIBA, na pia tunafuata jua, kwa hiyo usitarajie nyongeza sita. Jua la Moshi halina nyongeza hata moja.

Mpwa wako anacheza namba moja, yaani ndiye anayepandisha mpira. Atakuona dakika ya pili, ataona uko na mjomba, na atapoteza mpira. Usimpungie mkono tena.

Sasa mwangalie mjomba badala ya mchezo, kwa sababu yeye ndiye mchezo. Robo ya kwanza atanyamaza, anasoma mazingira. Robo ya pili ataanza kuuliza. Atafurahishwa sana na mitupo huru: mtu kakosewa, fidia inalipwa papo hapo, mbele ya mashahidi, bila kuahirisha kesi. Atazisifu sekunde 24 za kushambulia, akikumbuka kesi ya mpaka ambayo upande mmoja umeikalia tangu enzi za Mwinyi. Lakini suala la faulo tano litamkera. Mtu amekosa mara nne, anajulikana, ameandikwa mezani, na bado anaruhusiwa kurudi kutenda la tano? Atataka kujua waliotunga kanuni hiyo walikuwa mawakili wa nani.

Robo ya tatu mwamuzi ataamua kwamba mpwa wako ametembea na mpira. Mjomba atasimama. Hatapiga kelele, hao ni mashabiki wa soka. Atauliza kwa sauti ya mahakamani, taratibu, ni hatua ngapi, zimehesabiwa kuanzia mguu upi, na ni nani mwingine aliyeziona. Mwamuzi ataendelea na kazi yake. Wanafunzi watampigia mjomba makofi, na yeye atayapokea kwa kuinamisha kichwa kidogo. Yule kijana wa kidato cha tatu atakuwa amevua sweta kitambo, anapiga picha ambazo shangazi hatakiwi kuziona, na ambazo zitamfikia Same jua likishazama tu, kwa njia ya mama mkubwa.

Watafungwa. Tuseme kwa pointi 22. Kosa utakalolifanya wewe ni kumtuliza mjomba kwa kumwambia kwamba mchezo huu una utaratibu wake wa malalamiko. Unao kweli. Kwenye karatasi ya matokeo ya FIBA kuna mahali palipoachwa wazi kwa ajili ya saini ya nahodha anayepinga matokeo, na anatakiwa kusaini ndani ya dakika 15 baada ya mechi. Ukishamwambia hivyo mtu aliyekaa miaka yake yote ya kazi mlangoni mwa masjala, ondoka njiani. Ataitoa kalamu ya kwanza, ataijaribu kiganjani, ataitoa ya pili, na atakwenda mezani moja kwa moja.

Nahodha ni mpwa wako.

"Shikamoo babu," atasema, anahema, maji yanamtiririka. "Tumefungwa pointi ishirini na mbili."

"Marahaba mjukuu wangu. Pointi si hoja. Hoja ni utaratibu."

Atakataa kusaini. Mjomba atamweleza kwamba haki isiyodaiwa haipatikani, atamkumbusha watu waliokaa Same mwaka 1945, na atamwonyesha mstari kwa kidole. Mwandishi wa meza, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyejitolea, atatafuta nani wa kumwokoa. Usiwe wewe. Dakika 15 zikiisha, mjomba atasema saa ya pale mezani ilikuwa inakimbia, na kwamba hilo ni shauri jingine linalojitegemea.

Wakati wa kurudi, mshushe mama jirani karibu na KCMC, mkabidhi mpwa wako hela ya viatu aliyokuwa aombe tangu mwanzo, na ule kitu Moshi kabla giza halijaingia, maana mjomba usiku hataki usimame popote. Kisha hesabu watu kabla ya kuwasha gari. Ulikuja na wanne, mmoja umemshusha, kwa hiyo wanapaswa kuwa watatu. Watakuwa watano. Wa nne ni mpwa wako, aliyeamua ghafla kwenda kulala kwa bibi. Wa tano ni msichana mrefu, amebeba begi la mpira magotini, ana jezi ya timu iliyowafunga, na anatazama nje ya dirisha kwa utulivu wa mtu aliyekwishafika. Kabla hujamwomba ateremke, muulize kwa adabu ni mtoto wa nani. Atakutajia jina la bibi yake na kijiji, na mjomba, kwenye kiti cha mbele, atapunguza redio kwa mara ya kwanza tangu Mwanga, atageuka taratibu, na atasema, "Kumbe!"